Kinyama kisichouma huku nyuma: namna ya kukijua, na lini uende kwa muganga

Mtu anaingia, anageuka kuhakikisha mlango umefungika, kisha anakaa pembeni mwa kiti. "Dokta," anasema (mimi ni muuguzi, lakini huku Kadutu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta), "niko na kitu kidogo huku nyuma. Lakini hainiumaki."

Hilo "lakini" ndilo linalomfanya mtu apande na kushuka milima ya Bukavu miezi minne mizima na kitu chake, asimwambie mtu. Moyoni amejiambia kwamba ugonjwa wa kweli lazima uume.

Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mke au dada aliyeambiwa siri hiyo usiku na hajui amjibu nini. Nitasema "huku nyuma" au "tundu la haja kubwa", jinsi tunavyosema nyumbani. Kwa muganga, yaani daktari au muuguzi, ukitamka "mkundu" hakuna atakayeshtuka. Ni jina la kiungo kama goti.

Kwanza, jina "emoroidi" liweke kando

Mjini kwetu kila kinachoota huku nyuma ni emoroidi, ile ambayo vitabu huiita bawasiri. Jirani atakuambia ni emoroidi, muuza dawa wa barabarani atakuambia hivyo hivyo, na kijana wa moto, yaani pikipiki, anayekutoa mtaa wa Essence kukupeleka Nyawera atakuwa na dawa ya shangazi yake. Mara nyingi watakuwa wamebahatisha kweli, maana kwa watu wazima bawasiri ndiyo inayoonekana zaidi. Ila hakuna hata mmoja wao aliyetazama. Shida yetu ni zile mara nyingine, ambapo jina limetolewa, dawa imenunuliwa, na kitu chenyewe ni kingine kabisa.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini hakiumi

Njia ya haja kubwa ni fupi, sentimeta 3 hadi 4 tu. Ukiingia ndani karibu sentimeta 2 kuna mstari unaoizunguka, uliochongoka kama meno ya msumeno. Upande wa nje wa mstari huo kuna ngozi yenye hisia kali. Mwiba, maji ya moto, pilipili ya jana: vyote vinajulikana hapo mara moja. Upande wa ndani ni utando wa utumbo, na utando huo haujui kukatwa wala kuchomwa. Unajua kujaa tu.

Ndiyo maana bawasiri iliyoota ndani inaweza kumwaga damu mwaka mzima bila mtu kusikia chochote. Kansa inayoanzia sehemu hiyo nayo inaweza kunyamaza hivyo hivyo. Upande wa pili, bonge dogo la damu likiganda chini ya ngozi ya nje, jambo ambalo kwa kawaida halina hatari, humliza mwanaume mzima aliyebeba magunia ya simenti miaka kumi. Maumivu yanakuonyesha kitu kiko wapi. Hayakuambii kitu hicho ni nini.

Na hata kwenye ngozi ya nje kuna vitu visivyouma kwa sababu vinaota polepole, bila kuvimba wala kutunga usaha. Sunzua ni hivyo. Kaswende nayo ni hivyo.

Hatua ya 2: Jitazame mwenyewe

Subiri saa ambayo chumba ni chako peke yako. Kwenye nyumba zetu hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Jioshe kwa maji na sabuni kidogo, jikaushe. Weka kioo kidogo cha kunyolea sakafuni, chuchumaa juu yake, shika taa ya simu mkononi. Wengine hupiga picha, na picha kweli humsaidia muganga, hasa kama kitu chako hutoka na kurudi ndani. Ukishamwonyesha, ifute. Simu za nyumbani hupita mikono mingi.

Gusa kwa ncha ya kidole chenye kucha fupi. Usikamue, usitoboe kwa pini, usifunge uzi. Kisha jibu maswali haya, na majibu uyaandike hata nyuma ya fishi (kadi ya kliniki) ya zamani ya mtoto, kwa sababu mbele ya muganga utayasahau:

Ni kimoja au ni vingi? Kiko nje siku zote, au hutoka wakati wa choo tu? Kikitoka, kinarudi chenyewe, au unakisukuma? Ni laini kama ngozi ya mdomo, kigumu kama punje ya mahindi, au kina mikwaruzo juu kama kichwa cha shufleri? Ni kikavu au kimelowa? Kuna kidonda juu yake? Damu inatoka, na ni ya rangi gani? Inadondoka baada ya choo au imechanganyika nacho? Kilianza lini?

Halafu peleka vidole kwenye kinena, pande zote mbili. Mtoki, yaani tezi iliyovimba kama maharagwe chini ya ngozi, ni habari muhimu hata kama hauumi.

Hatua ya 3: Linganisha na hivi

Kujilinganisha hakukupi jina la ugonjwa. Kunakupa haraka inayofaa.

*Bawasiri.* Kila binadamu ana mito midogo ya mishipa ya damu huko ndani. Inasaidia kufunga mlango vizuri. Mito hiyo ikivimba na kulegea, tunaiita bawasiri. Kinachoivimbisha huku kwetu ninakiona kila siku. Choo kigumu na kujikamua. Mimba. Mizigo, maana mama anayebeba gunia kutoka Beach Muhanzi kwa kamba ya kipaji cha uso anajikamua kila hatua ya mlima. Na kuna kingine ambacho watu hawakifikirii: kubana choo. Kwenye parseli yenye familia sita na choo kimoja, asubuhi kuna foleni, usiku kuna giza, na sokoni choo ni cha kulipia. Kwa hiyo mama muuzaji hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Jioni choo kimekauka kama udongo wa matofali.

Bawasiri ya ndani hupangwa kwa ngazi nne. Ya kwanza hutoa damu tu, hakuna kinachotokeza. Ya pili hutokeza ukijikamua na kurudi yenyewe. Ya tatu inahitaji kidole kuirudisha. Ya nne hairudi tena. Damu yake ni nyekundu ya kung'aa, inadondoka au inabaki kwenye karatasi. Ngazi hizo zina kazi: ya kwanza mara nyingi hutulia kwa chakula na maji tu, ya pili na ya tatu daktari anaweza kuzifunga kwa mpira mdogo mpaka zikauke na kuanguka, ya nne kwa kawaida ni ya upasuaji.

Usidharau kumwagika kidogo kidogo. Nimeona watu weupe viganja, wanaohema wakipanda ngazi tatu, wakitibiwa malaria mara kwa mara, kumbe damu imekuwa ikiishia chooni.

*Ngozi ya ziada.* Kipande laini, kikavu, cha rangi ya ngozi yako, kinachoning'inia ukingoni na hakibadiliki. Mara nyingi ni mabaki ya bawasiri ya nje iliyonywea, au ya mimba iliyopita. Kinaudhi wakati wa kujisafisha, basi. Mtu akishakitazama na kukithibitisha, unaweza kuishi nacho mpaka uzeeni.

*Sunzua.* Huanza kama chembe za mchele, kisha huongezeka na kuungana, juu zikiwa na mikwaruzo. Haziumi, huwasha kidogo, au hutoa damu ukizisugua. Zinaletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, ambazo sizo zile za kansa. Virusi hupita ngozi kwa ngozi, na vinaweza kukaa miezi kabla ya kitu kuonekana. Kwa hiyo usikimbilie kuuliza "nani kanipa". Pia usikimbilie kufikiria tendo moja tu: sunzua za huku nyuma huwapata pia watu ambao hawajawahi kulala na mtu kwa njia hiyo. Hutibiwa kwa dawa ya kupaka, kwa kugandishwa, kuchomwa au kukatwa, na zina tabia ya kurudi miezi ya mwanzo. Dawa ya kupaka ya podofilini mjamzito haruhusiwi. Mwenye sunzua tunamshauri apime pia VVU na kaswende. Si hukumu, ni kwamba njia ya kuingilia ni moja.

*Kaswende.* Hapa nitakaa kidogo.

Alikuja mama mmoja, muuza sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), mimba ya miezi mitano (mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike). Wiki tano alikuwa anapaka pomada ya emoroidi aliyoelekezwa na watu watatu. Hakuumwa. Alikuja kwa sababu vile vitu vilikuwa vimelowa na vina harufu, na sokoni alikuwa anahisi wenzake wanamkwepa. Nilipomlaza upande wa kushoto na kuwasha taa, sikuona bawasiri. Niliona vivimbe vipana, bapa, vya rangi ya kijivu, vimelowa kama ngozi iliyokaa majini. Nikamwomba viganja vyake: madoa mekundu-kahawia, ambayo alidhani ni ya chumvi ya samaki. Kipimo cha damu kikathibitisha.

Hiyo ni kaswende ya hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kidonda kimoja kisichouma, wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ambacho hupona chenyewe na mtu akashukuru Mungu. Kumbe ugonjwa umeingia ndani tu. Vivimbe vya hatua ya pili navyo huondoka vyenyewe, kwa hiyo kila pomada, kila mzizi na kila maombi hujipatia sifa. Wakati huo mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni, na mtoto anaweza kufa kabla ya kuzaliwa au kuzaliwa nao.

Dawa ni penisilini, ile benzathini, yuniti milioni 2.4, sindano ya msuli. Kwa kaswende changa ni dozi moja. Nilimwonya kwamba ndani ya saa 24 anaweza kupata homa na kutetemeka, na kwa mwenye mimba tumbo linaweza kubana. Akisikia hivyo arudi mara moja, asiseme "sindano imenikataa". Homa ikaja usiku, akarudi, tukamwangalia hadi asubuhi, ikapita. Kazi iliyobaki ilikuwa ya bwana wake. Alikuja siku ya nne, hakunisalimia, akageuka akapokea sindano yake.

Kama una mimba, kipimo cha kaswende ni sehemu ya CPN, ile kliniki ya wajawazito. Usisubiri mwezi wa nane kuanza CPN.

*Kipele kinachotoa maji.* Kivimbe kidogo pembeni ya tundu, mara kinafunga, mara kinatoa usaha na kuchafua nguo ya ndani. Kati ya vipindi hivyo hakiumi. Hiyo mara nyingi ni fistula ya huku nyuma, njia ya panya iliyobaki baada ya jipu. Bukavu neno fistula linawakumbusha watu wote akina mama waliopasuka wakati wa kuzaa. Hii ni nyingine, na wanaume ndio huipata zaidi. Haiponi kwa vidonge. Inahitaji daktari wa upasuaji, na ikiwa una kikohozi kirefu au umepungua uzito, mwambie, kwa sababu kifua kikuu nacho kinaweza kufanya hivyo.

*Utumbo unaotoka nje.* Kwa mama wa umri mkubwa aliyezaa mara nyingi, kinachotokeza kinaweza kuwa utumbo wenyewe. Utaona mikunjo inayozunguka kama pete moja ndani ya nyingine, wakati bawasiri hujigawa kama vipande vya chungwa.

*Kansa.* Si ya kawaida, na sitaki ulale macho usiku wa leo. Ila ninaisema kwa sababu inapokuja huku nyuma hujivika nguo za bawasiri: damu kidogo, muwasho, kivimbe. Kinachoitofautisha ni ugumu, kidonda kisichofunga wiki baada ya wiki, kukua bila kurudi nyuma, mitoki ya kinena. Ikiwa juu zaidi ndani ya rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana, choo hubadilika: chembamba kama kalamu, kimechanganyika na damu na ute, na hisia kwamba hujamaliza hata ukitoka chooni sasa hivi. Kansa nyingi za njia ya haja kubwa zinatokana na virusi vya papiloma aina ya 16, na mwenye VVU yuko katika hatari zaidi hata akiwa anameza dawa vizuri. Kwa hiyo, wewe unayefuata dawa kila mwezi: kitu chochote huku nyuma mwambie muuguzi wako siku hiyohiyo ya kuchukua dawa. Tayari uko pale.

Hatua ya 4: Amua uende lini

Nenda leo, hata kama ni Jumapili, ikiwa damu haikomi au inakupa kizunguzungu. Ikiwa kilichokuwa hakiumi kimeanza kuuma sana, kimekuwa cheusi au buluu na hakirudi ndani. Ikiwa una homa na uvimbe wenye joto, hasa kama una kisukari au kinga yako iko chini. Ikiwa mkojo umekataa kutoka. Jipu la huku nyuma halisubiri barabara ikauke.

Nenda ndani ya wiki hii ikiwa ni mara ya kwanza kuona damu, ikiwa kitu ni kigumu au kina kidonda, ikiwa vimelowa au vinaongezeka, ikiwa umepungua uzito au choo kimebadilika, ikiwa una mimba, ikiwa una VVU. Na ukiwa na miaka zaidi ya 40, damu hata ya tone moja itazamwe. Usiikubalie jina la "emoroidi zangu za zamani", maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Ikiwa ni laini, kidogo, hakitoi damu, hakibadiliki, na wewe mwenyewe huna hata moja kati ya hizo, unaweza kujaribu mambo ya nyumbani wiki mbili au tatu. Kikiwa bado kipo, kitazamwe mara moja na mtu anayejua. Baada ya hapo utalala.

Jambo moja linasimama peke yake. Kama kitu hiki, au woga wa kitu hiki, unahusu siku uliyolazimishwa na mtu, usihesabu vivimbe kwanza. Ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Zikipita, njoo bado. Vipimo na matibabu vipo. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo, lakini hata kituo cha afya cha mtaa kinajua pa kukupeleka. Haikuwa kosa lako, na hakuna atakayekuuliza ulivaa nini. Akikuuliza, omba mwingine.

Watoto ni habari nyingine

Bawasiri kwa mtoto mdogo ni nadra sana, kwa hiyo neno hilo lisitumike haraka. Kitu chekundu kinachotoka wakati wa choo kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu mara nyingi ni utumbo ulioteleza. Kinachouteleza ni kuharisha kwingi, kikohozi kirefu, minyoo mjeledi iliyojaa tumboni, au bwaki, yaani utapiamlo mkali. Ukiona pamoja na hilo miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu-njano, ugonjwa mkubwa ni njaa ya mwili, na huo ndio utakaotibiwa kwanza.

Mlaze mtoto, magoti kifuani, mtulize asilie maana kila kilio kinausukuma zaidi. Kwa kitambaa safi kilicholowa maji, sukuma taratibu bila kuchoka, dakika kadhaa, mpaka urudi. Usiporudi, funika kwa kitambaa chenye maji safi na uende. Hata ukirudi, kesho mpeleke. Kwa minyoo mjeledi dozi moja ya ile dawa inayogawiwa kijiji kizima mara nyingi haitoshi. Mwenye minyoo mingi huhitaji siku 3.

Kama ni mtoto mchanga anayelia kwa vipindi akikunja miguu, anatapika, na anatoa ute wenye damu, usisukume chochote. Huenda utumbo umeingia ndani ya mwenzake. Hospitali, sasa hivi.

Mpira mdogo mwekundu kama tunda la buni, unaotoa damu bila maumivu kwa mtoto wa shule, mara nyingi ni polipu isiyo na ubaya. Huondolewa na habari inaisha. Sunzua kwa mtoto nazo zitazamwe na daktari, kwa utulivu. Anaweza kuwa alizipata kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa mikono ya anayemwogesha. Inaweza pia kuwa kuna mtu amemfanyia ubaya. Usimhoji mtoto mbele ya ukoo. Mwachie daktari.

Hatua ya 5: La kufanya nyumbani, na la kuacha

Beseni la maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto, ukae dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Maji matupu. Chumvi ukipenda, Dettol hapana, sabuni ya unga hapana.

Kula vinavyolainisha choo, na Bukavu havikosekani: maharagwe, lengalenga, sombe, papai, avoka, viazi vitamu na maganda yake. Bugali nyeupe na sambaza bila mboga siku saba mfululizo ndiyo inayokukausha. Kunywa maji lita moja na nusu hadi mbili, na kama choo cha sokoni ni cha pesa, hesabu hizo franga kuwa sehemu ya dawa. Ukisikia haja, nenda. Ukishachuchumaa, usijikamue zaidi ya dakika chache. Hakijaja, simama, rudi baadaye.

Sasa ya kuacha, na hapa sina upole. Usijipige bomba la pilipili, tangawizi au mizizi kwa kile kipira cha mpira. Utando ule hausikii moto, nimekwisha kukuambia, kwa hiyo unaungua bila kupiga kelele, na mtu huja kwetu utumbo umechubuka au umetoboka. Usikate kwa wembe. Usifunge uzi. Usipake maji ya betri. Ndiyo, yupo aliyepaka.

Na zile tyubu. Nyingi za pomada zinazouzwa kwenye meza za barabarani, za "emoroidi", za "kuwasha", hata za kung'arisha uso, zina kortikoidi kali ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Muwasho utapungua siku mbili, utaisifu. Ukiendelea wiki na wiki, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na sunzua na kuvu zinapata mahali pa kustawi. Soma tyubu: ukiona betametazoni au klobetazoli, isipite siku saba, na isianze kabla hujatazamwa.

Hatua ya 6: Kwa muganga

Anzia kituo cha afya cha eneo lako. Kwa hili huhitaji kuanzia hospitali kubwa. Muuguzi mkuu wa kituo akiona linamzidi atakuandikia karatasi ya kukupeleka hospitali kuu ya zoni ya afya, na ukifika na karatasi hiyo unapokelewa vizuri zaidi kuliko ukijileta. Uliza bei ya kuonana na muganga na ya vipimo kabla ya kukaa, mchana kweupe, bila aibu.

Mapokezini si lazima useme chochote mbele ya watu. Sema: "Nahitaji kuonana na muganga kwa jambo la siri." Mwanamke anaweza kuomba mwanamke, au aombe mtu mwingine awepo chumbani.

Utalala upande wa kushoto, magoti yamekunjwa kifuani, shuka juu yako. Atatazama kwanza, ataweka glovu na mafuta, kisha kidole kimoja, taratibu. Ukisukuma kidogo kama unaenda chooni wakati kidole kinaingia, msuli unalegea na inakuwa rahisi. Pengine atatumia kibomba kifupi chenye taa kuona ndani. Yote hayachukui dakika tano. Wanaume ndio wanaoogopa zaidi, na ndio wanaosema baadaye, wakifunga mkanda, "Ni hiyo tu?"

Kama amekuandikia dawa bila kutazama, bila hata kukuomba ulale, mwambie kwa heshima: "Muganga, naomba utazame kwanza." Akikataa, chukua fishi yako uende kituo kingine. Kwenye fishi iandikwe alichokiona, kiko upande gani, na siku ya kurudi. Siku ya kurudi ikifika na kitu kimekwisha, rudi hata hivyo, hasa kama ulipewa penisilini: damu inapimwa tena baada ya miezi kadhaa kuona kama namba ya kipimo imeshuka. Mama wa sambaza alirudi mara mbili. Ya tatu alikuja na mtoto mgongoni, akaniachia kimfuko cha sambaza mezani, tukatazama namba yake pamoja.